Pigo la Maji Mikese

Mikese, 4 Shaabani 1329

Kwa kaka yangu Stambuli bin Maneno, karakana ya reli, Dar es Salaam.

Shikamoo kaka. Ukiona herufi zimepinda ujue nimeandika na hasira, na karatasi mbili nimekwisha kuzichana kabla ya hii.

Shemeji yako Ahmadi amefungwa. Yuko boma la Morogoro na mnyororo shingoni. Alhamisi iliyopita lile bomba ulilolifunga wewe mwaka jana, linalopandisha maji kutoka mtoni hadi tangi la kiwanda cha mkonge, lilipasuka kwenye kona ya chini ya kilima. Chuma kiliruka kikabomoa ukuta wa banda la mashine. Kiwanda kimesimama, mkonge unaozea uani, na anatafutwa mtu wa kulipia hasara hiyo kwa mgongo wake.

Sikiliza walivyompata. Tangu miezi mitano nyuma bomba hilo lilianza kugonga. Mashine ikisukuma, bomba linaruka juu ya magogo yake, na koki ikifungwa linapiga kishindo mpaka sufuria zangu za uji zinacheza, nami huuza uji mbali na hapo. Ahmadi ndiye mwenye koki. Aliona mwenyewe kwamba akifunga polepole kishindo kinapungua. Basi akajiwekea kipimo. Huvuta tasbihi, "Subhanallah" moja, anazungusha koki kidogo, "Subhanallah" nyingine, kidogo tena, na zikifika thelathini na tatu koki imefunga na bomba limetulia. Alifanya hivyo kila siku na hakuna kilichovunjika.

Sasa kuna msimamizi Mdachi, wafanyakazi wamempa jina la Bwana Saa, kwa kuwa saa yake haimtoki mkononi. Amri yake ni kwamba kengele ikilia kila kitu kisimame hapo hapo, watu, mashine, na maji. Alhamisi alikuja akasimama mbele ya Ahmadi, akamwambia, leo sitaki kuona midomo ikichezacheza, kengele ikilia funga. Kengele ikalia. Ahmadi akafunga kwa mkupuo mmoja kama alivyoamriwa. Bomba likapasuka.

Na unajua Bwana Saa alisema nini bomani? Alisema mtu huyu kila siku alikuwa akiyanong'oneza maji, na siku alipokatazwa kunong'ona maji yakavunja chuma, kwa hiyo ni dawa. Dawa ya maji, kaka. Wewe na mimi tunakumbuka watu wangapi walinyongwa kwa neno hilo, na vita vile havijatimiza miaka sita tangu viishe. Mtu anamtaja Mola wake apate kupima mwendo wa mkono, na wanamwandalia kitanzi.

Hukumu ni tarehe 25 ya mwezi huu, yaani kwa kalenda ya huko kwenu ofisini Jumatatu, 21 Agosti. Mashine umeifunga wewe. Ukisimama wewe ukamweleza Bwana Shauri, mkubwa wa boma, kwa nini bomba hupasuka, watakusikiliza, kwa sababu una barua yao ya ufundi. Panda gari la moshi uje.

Ni mimi nduguyo,
Mwanaheri binti Maneno


Dar es Salaam, 3 Agosti 1911

Kwa Mwanaheri, Mikese.

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimeisoma kwa masikitiko. Lakini hasira haitamtoa mtu kifungoni, kwa hiyo nisome taratibu.

Habari ya dawa ni upuuzi, na Wadachi wenye elimu wanajua hivyo. Maji yaendayo ndani ya bomba refu ni kama watu mia wanaokimbia kwenye uchochoro. Ukiwafungia mlango ghafla mbele, wa kwanza wanaugonga, wa pili wanawagonga wa kwanza, na uzito wa wote unaishia mlangoni. Ndilo pigo la maji. Kila fundi analijua. Mwenye koki hufunga taratibu, na mwenye kufunga ghafla huvunja. Ahmadi alifunga ghafla. Sasa unataka niende bomani niseme nini?

Isitoshe, mashine ile niliifunga kama inavyotakiwa. Karibu nayo utaona chungu cha chuma kirefu, kimesimama wima, kinampita mtu kimo. Kile hakikuwekwa kwa urembo. Nusu yake ya chini ni maji na nusu ya juu ni hewa tupu. Mashine ikisukuma kwa nguvu, maji yanapanda mle na kuibonyeza ile hewa, hewa inabonyea kama mto wa pamba, kisha inayarudisha polepole. Ndiyo inayozuia bomba lisirukeruke. Kazi yangu haina dosari na karatasi ya Bwana Saa ya kuipokea ninayo sandukuni.

Shauri langu ni hili. Ahmadi akubali kwamba alifunga vibaya, apigwe viboko vyake hamsa ishirini, arudi nyumbani. Mimi ruhusa sipati. Mwezi huu wanachagua msimamizi wa mafundi, na kwa mara ya kwanza linatajwa jina la mtu mweusi. Nadhani unaelewa.

Wasalimie wapwa zangu.

Stambuli


Mikese, 11 Shaabani 1329

Kwa Stambuli.

Shikamoo leo sikupi.

Akubali kosa, apigwe, arudi. Umeandika kama mtu anayeagiza chumvi. Nilikwenda Morogoro Ijumaa na chakula cha mume wangu. Mnyororo umemtoa kidonda shingoni, na yeye ananiuliza kama sufuria zangu zimepona. Nikamsomea barua yako. Nilipofika pale pa "Ahmadi alifunga ghafla" aliinama akacheka kidogo, akasema, mwambie kaka ningefunga taratibu ningepigwa kwa kutotii kengele. Basi, hilo ndilo alilosema. Hasira zote ameniachia mimi.

Nikarudi na barua yako, na njia nzima nikawa nafikiri juu ya chungu chako. Bomba wameshalitia kiraka tangu Jumatano na mashine inafanya kazi, na bado linaruka vile vile, ingawa huyo mchawi wao wamemfungia Morogoro. Nikasema, kama mle ndani mna mto wa pamba, mbona bomba halilali?

Lukasi, yule Mkristo wa Matombo anayechochea moto wa mashine, aliniruhusu kuingia bandani Bwana Saa alipokwenda kula. Nikaokota jiwe. Mimi nimebeba mtungi tangu nina miaka sita, na hakuna mwanamke wa kwetu anayefunua mtungi ili ajue una maji kiasi gani. Anagonga tu. Penye maji pana sauti nzito, penye utupu panalia. Nilikigonga chungu chako kuanzia chini, nzito. Kiunoni, nzito. Kifuani, nzito. Nikapanda juu ya kisiki nikagonga kifuniko chenyewe, nzito kaka, mpaka juu kabisa. Lukasi akagonga naye akanitazama.

Chungu chako kimejaa maji pomoni. Hewa hamna hata ya kupulizia nyuki. Wewe unasema nusu ni hewa tupu. Ilikwenda wapi? Chuma hakijatoboka, nimekizunguka chote. Nijibu hilo kwanza, habari ya kuchaguliwa kwako uniandikie baadaye.

Mwanaheri


Dar es Salaam, 9 Agosti 1911

Mwanaheri,

Umenishangaza na kunitia hofu. Nani alikupa ruhusa kuingia banda la mashine? Mwanamke muuza uji kugongagonga mali ya kampuni kwa jiwe, wakati mumewe ameshitakiwa kwa kuiharibu mali hiyo hiyo? Wakikukuta mtafungwa wote wawili na watoto watabaki na nani? Chuma si mtungi. Sauti ya chuma hudanganya, hata mafundi hudanganyika.

Nakukataza, na ninasema kama kaka yako mkubwa, usikaribie tena mashine ile. Mwambie na huyo Lukasi akae na kuni zake. Msiguse chungu, msiguse koki, na kile kizibo cha bomba la kuvutia maji kule chini msikiguse kabisa.

Juu ya hukumu tumwachie Mungu. Kesho wakubwa wanakuja kukagua karakana, siwezi kuandika zaidi.

Stambuli


Mikese, 17 Shaabani 1329

Stambuli,

Mimi sikukuandikia habari ya kizibo. Nimewauliza hata watoto niliowasomea barua ile kabla ya kuituma. Hakuna aliyesikia kizibo. Kizibo nimekisikia kwako.

Basi tulikwenda kukitafuta. Lukasi alilala kifudifudi kwenye tope chini ya bomba linalovuta maji mtoni, akapapasa, akakipata. Kitundu chembamba, hata kidole kidogo hakipiti, na ndani yake kijiti kimechongwa kikazungushiwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kitambaa hicho kina darizi ya kanzu. Kanzu hiyo niliidarizi mimi, Stambuli, ulipokwenda kuposa. Nimeitambua mishono yangu mwenyewe ndani ya mashine ya Mdachi.

Lukasi akakivuta. Kitundu kikaanza kunyonya hewa na kupiga mluzi, fyuu, fyuu, kwa kila mvuto wa mashine. Tukaogopa kwamba tumeharibu. Tukangoja. Hata alasiri ya siku ya pili nikagonga chungu, juu pakalia, wazi kabisa, kama mtungi wa nyumba isiyo na watu. Na bomba likalala. Lukasi aliweka kikombe cha maji juu yake na maji ya kikombe hayakutikisika. Miezi mitano mume wangu amehangaika na tasbihi kutuliza kitu ambacho kingetulia kwa kung'oa kijiti.

Sasa nimeelewa bila kufundishwa ufundi. Maji yanakula ile hewa ya chunguni kidogo kidogo, na kitundu ndicho kinachoirudisha. Ukiziba, hewa inakwisha, na pigo lote linabaki kwa chuma. Wewe ulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Uliponiandikia habari ya watu mia uchochoroni ulikuwa unalijua. Uliposema Ahmadi akubali viboko ulikuwa unalijua.

Ningekuwa na wewe hapa ningekushika hiyo kanzu mpya uliyonunua Dar es Salaam nikakuburuta mpaka bomani. Zimebaki siku nane. Njoo useme kwa kinywa chako. Usipokuja, niandikie kwa nini uliziba, na uandike ukweli, maana kijiti ninacho.

Mwanaheri


Dar es Salaam, 16 Agosti 1911

Dada yangu,

Ukishaisoma barua hii itie motoni.

Ndiyo, nimeziba mimi. Unataka kujua kwa nini, nami nitakuambia, maana na mimi nina hasira zangu, tena za siku nyingi kuliko zako.

Siku ya kukabidhi mashine kila kitu kilikuwa sawa. Kitundu kilikuwa wazi na kinapiga mluzi wake, kama ilivyochorwa kwenye karatasi yao wenyewe. Bwana Saa akainama, akaweka kiganja, akasikia hewa inaingia. Akasimama mbele ya vibarua wote akasema, mwaona, kazi ya mtu mweusi huvuja. Wakacheka, na wengine hata hawakujua wanachokicheka. Nikamweleza kwamba kitundu kile ni pumzi ya mashine. Akaniambia nisimfundishe mashine ya kwao. Akakataa kutia sahihi. Bila sahihi ile ningerudi kubeba mataruma ya reli, na miaka saba ya kujifunza ingekuwa bure.

Basi nikachana upindo wa kanzu, nikachonga kijiti, nikaziba. Mluzi ukanyamaza. Akatia sahihi, akanipiga bega kama anayempongeza mbwa. Nilijiambia nitarudi mwezi wa pili nikifungue. Nikaitwa karakana, sikurudi. Nilijua hewa itakwisha. Nilihesabu hata miezi.

Sasa unaniita nije nisimame bomani niseme hayo. Unajua watasema nini? Hawatasema Bwana Saa alikosea. Watasema fundi mweusi aliziba mashine kwa siri, makusudi, ivunjike. Ahmadi amenong'ona tu, mimi nimetia mkono. Kama kuna kitanzi, ni changu.

Fikiri vizuri. Ahmadi ni Mkutu, mtu aliyekuja kuolea kwetu. Watoto wako si wa kwao, ni wa tumbo la mama yetu, na kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye watoto. Shamba la Kinole liko chini yangu, mahari ya binti zako itapita kwangu, jina la bibi yetu litarithishwa na mimi. Mume akienda, mwanamke huolewa tena. Kaka wa tumbo moja utampata wapi? Sisemi kwa ubaya. Ndivyo wazee wetu walivyopanga, na ungeuliza ukoo mzima wangekujibu hivyo hivyo.

Kijiti kitupe mtoni. Barua ichome. Mimi nikiwa msimamizi nitawasomesha wanao wote.

Nduguyo


Morogoro, 26 Shaabani 1329

Kwa Stambuli bin Maneno.

Naandika nikiwa Mwembesongo, nyumba ya marehemu baba, na Ahmadi amelala kwa tumbo chumba cha pili. Mgongo wake siwezi kuuandika. Amepigwa hamsa ishirini jana saa kumi alasiri, mbele ya boma, na leo mnyororo wamemfungua. Yu hai.

Najua utasema, kama angekubali tangu mwanzo ingekuwa hivyo hivyo. Haikuwa hivyo hivyo. Jana asubuhi walikuwa wanazungumza habari ya kamba. Bwana Saa alileta hata mashahidi wa kuona midomo yake ikicheza. Mkalimani alimwuliza Ahmadi alikuwa akiyaambia nini maji, naye akajibu kwamba hakuwa akiyaambia maji neno, alikuwa akihesabu. Wakaandika kwamba amekana.

Hapo nikasimama. Askari alinisukuma nikasimama tena. Nikaweka kijiti mezani pamoja na kitambaa chake, na barua yako kando. Barua sikuichoma. Niliisoma mara nyingi sana, hasa pale uliponihesabia shamba na mahari, na kila nilipofika pale nikaikunja tena nikaitia kifuani. Uliniambia niulize ukoo. Sikuuliza ukoo. Niliwauliza wanangu, na mkubwa akanijibu kwamba baba ndiye anayewaamsha kusali, mjomba hawamjui sura.

Bwana Shauri hasomi herufi zetu za Kiarabu, kwa hiyo karani aliisoma yote kwa sauti na mkalimani akaifasiri. Pale pa kiganja na pa kazi ya mtu mweusi huvuja, Bwana Saa akawa mwekundu, akasema hakumbuki. Wakatuma mtu kwa gari la moshi mpaka Mikese na fundi Mdachi wa reli, wakaziba kitundu, wakafungua, wakagonga chungu kama nilivyogonga mimi. Lukasi sikumtaja. Nilisema nimeng'oa mwenyewe, na hakuna aliyeuliza mwanamke ameweza vipi. Saa nane wakarudi, na fundi yule akamwambia Bwana Shauri kwamba hapana dawa, ni hewa.

Neno la dawa likafutwa. Viboko wakabakisha, kwa sababu, alisema Bwana Shauri, bomba limepasuka mkononi mwake na mkono lazima ukumbuke. Bwana Saa alitia sahihi daftarini akarudi kazini. Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu, na nitalichukia mpaka nife. Usidhani hasira zangu zote ni zako. Ila yeye kwangu ni mtu baki, hajawahi kula ugali wa mama yangu.

Simu imepigwa Dar es Salaam jana jioni. Barua hii nimempa mtu wa gari la asubuhi, sijui itafika kabla ya askari au baada yao. Sikuiharakisha na sikuichelewesha.

Na usije ukadhani labda karani alikutambua kwa mwandiko, au fundi yule alikutaja, au Bwana Saa alikukumbuka. Bwana Saa hakukumbuka hata kwamba umewahi kuwa na jina, alikuita yule fundi tu. Barua ulitia sahihi "Nduguyo" bila zaidi, na nilielewa kwa nini. Bwana Shauri aliigeuza nyuma na mbele, akauliza, huyu ndugu ni nani. Ahmadi akanitazama na mnyororo wake, akatikisa kichwa, akitaka ninyamaze, kwa ajili yako.

Ni mimi niliyetaja jina lako na la baba yetu, kwa sauti, tena mara mbili, kwa kuwa karani hakusikia mara ya kwanza.

Mwanaheri binti Maneno